Kadi ya benki ya mwalimu iko kwa mkopeshaji: tatizo ni mshahara au ni aibu?

#1 Mwalimu wa Nyanda
Wanajukwaa, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi katika wilaya mojawapo ya Nyanda za Juu Kusini, na naomba tujadili jambo ambalo ofisini kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelitamka. Walimu wengi ninaofanya nao kazi hawana kadi zao za benki. Kadi hizo ziko kwa mkopeshaji mwenye duka la vifaa vya shule karibu na stendi, pamoja na namba za siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayekwenda kwenye mashine usiku, anatoa rejesho lake na riba, na asubuhi mwenye kadi anapita dukani kuchukua kilichobaki. Droo yenyewe nimeiona kwa macho yangu. Kadi zimefungwa pamoja kwa mpira wa noti, na juu ya kila kadi kimebandikwa kipande cha plasta chenye jina la kwanza na tarakimu nne.

Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipopanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, nilitarajia kwamba droo ile ingepungua, lakini haikupungua. Dai langu, nanyi mtanisahihisha, ni kwamba tatizo si udogo wa mshahara bali ni aibu. Mwalimu anaona afadhali alipe riba ya asilimia 30 kwa mwezi kwa siri kuliko kumwambia mkewe, kamati ya harusi au mdogo wake aliyeko chuo kwamba mwezi huu hana. Mnalionaje?

#2 Hesabu Haidanganyi
Mwalimu, kuhusu droo nakuamini, ila sababu uliyoitoa siikubali. Tumchukue mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 aliyesoma chuo kwa mkopo wa serikali. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, yaani 24,000. Chama cha walimu ni asilimia 2, yaani 16,000. Bodi ya Mikopo ni asilimia 15, yaani 120,000. Kodi ya mapato, ikikokotolewa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni 68,000. Jumla ya makato ni 268,000, na mkononi zinabaki 532,000.

Hapo hatujafika kwenye mkopo wa benki, ule wa miaka kadhaa ambao karibu kila mtumishi anao kwa ajili ya kiwanja, bati au pikipiki. Utaratibu unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo benki ina nafasi ya kukata mpaka abakiwe na takriban 267,000. Kwa mwezi wa siku 30, hiyo ni shilingi 8,900 kwa siku kwa nyumba nzima, pamoja na kodi ya chumba, mkaa, umeme na nauli. Theluthi iliyowekwa ili kumlinda mtumishi imegeuka kuwa ndiyo mshahara wenyewe. Aibu inaingilia wapi hapo?

#3 Karamu Nyekundu
Hesabu yako ni safi, mkuu, isipokuwa umesahau tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa chuo, ambayo inafanya deni lisiishe hata ukilipa mpaka unastaafu. Pia umesahau kwamba mishahara yote iliongezwa kwa asilimia 35.1, kwa hiyo mfano wako huenda ni wa zamani.

#4 Mzee wa Kigogo
Hamjambo, vijana. Mimi nilistaafu ualimu zamani kidogo, na nawaambia kwamba mishahara yetu ilikuwa midogo kuliko hii, lakini hatukuweka chochote rehani. Tofauti ni ada za shule. Siku hizi mzazi analipa ada tangu darasa la kwanza, na hapo ndipo kadi inapokwenda dukani kila Januari.

#5 Hesabu Haidanganyi
Karamu Nyekundu (#3), tozo ya asilimia 6 ilifutwa mwaka 2021. Ile asilimia 15 ndiyo iliyobaki, nayo kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2016 ilikuwa 8. Asilimia 35.1 ilitangazwa kwa kima cha chini, yaani kutoka 370,000 kwenda 500,000, kwa hiyo mwenye mshahara wa juu zaidi asijipigie hesabu hiyo akaanza kununua sofa.

Mzee wangu (#4), shikamoo. Kwa heshima zote, shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita waliongezwa mwaka 2022.

#6 Mzee wa Kigogo
Marahaba, mwanangu. Nimekusikia kuhusu sheria, lakini nenda kamuulize mzazi yeyote kuhusu mchango wa chakula, sare, madaftari, tuisheni ya jioni na mtihani wa majaribio. Halafu umuulize mwalimu mwenyewe watoto wake wanasoma wapi. Wengi wanafundisha shule ya serikali asubuhi, na watoto wao wanapanda basi la njano kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza. Hiyo ada hakuna aliyeifuta.

#7 Mwalimu wa Nyanda
Mzee, umenigusa mimi mwenyewe na basi lile la njano. Lakini huoni kwamba unaniunga mkono? Kwa nini mwalimu anayejua shule yake haitozi ada anampeleka mwanawe kwenye shule ya kulipia? Kwa sehemu ni kwa sababu ya lugha na idadi ya wanafunzi darasani, hilo nalikubali. Kwa sehemu nyingine ni kwa sababu jirani ataonaje.

#8 Mama Genge
Samahani kuingilia mazungumzo ya watu wenye hati za mshahara. Mimi nauza nyanya, vitunguu na dagaa hapa Dar es Salaam, sina benki wala theluthi, na kausha damu, hii mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ninaijua kwa karibu kuliko nyinyi. Mnajadili mkopeshaji anayengoja mwisho wa mwezi, wakati wangu anakuja kila siku saa tisa alasiri.

Niwaeleze unavyokwenda. Unapeleka barua ya serikali ya mtaa, picha ndogo mbili, kitambulisho na mdhamini. Wanakuja nyumbani na daftari, wanaandika vitu vyako kimoja kimoja: runinga na ukubwa wake, friji, jiko la gesi, kitanda na godoro, na unaweka sahihi. Niliomba 300,000. Walikata 30,000 ya fomu na kitu walichokiita bima, nikapewa 270,000 mkononi. Rejesho lilikuwa 13,000 kila siku kwa siku 30. Usipokuwa nayo saa tisa, yule dada anakaa kwenye kigoda mbele ya genge lako na haondoki. Hakutukani wala hafoki, anakaa tu huku wateja wanapita na kila mmoja anajua amefuata nini. Nikimwona anatokea kona ya mtaa, tumbo lilikuwa linakata.

Mume wangu hajui mpaka leo, na vitu vilivyoandikwa kwenye daftari ni vya nyumba yake. Kwa hiyo kaka mwalimu (#1) sitasema umekosea kuhusu aibu. Ila mimi sikukopa kwa ajili ya aibu. Nilikopa kwa sababu mtoto alilazwa na mtaji ukaishia hospitali.

#9 Hesabu Haidanganyi
Pole sana, mama. Kwa faida ya wengine: ulipokea 270,000 ukarejesha 390,000, kwa hiyo ulilipa 120,000 juu ya kile ulichopata, sawa na asilimia 44 kwa mwezi. Lakini hata hiyo inadanganya, kwa sababu hukukaa na 270,000 mwezi mzima, ulikuwa unazirudisha tangu siku ya kwanza. Ukikokotoa kwa deni lililokuwa limebaki kila siku, riba inapita asilimia 70 kwa mwezi. Ukomo ambao Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

#10 Karamu Nyekundu
Asilimia 3.5! Mwonyesheni mkopeshaji yeyote wa mtaani kwetu tarakimu hiyo, atadhani ni namba ya basi.

#11 Mkopeshaji Mwenye Leseni
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba nafasi. Mimi ni mkopeshaji, nina leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na nalipa kodi. Kushika kadi ya benki ya mteja na namba yake ya siri ni kosa na sifanyi hivyo. Lakini niwaeleze kwa nini wenzangu wanafanya.

Mwalimu anakuja na hati ya mshahara iliyobakiwa na theluthi, kwa hiyo benki imemkataa. Anataka 200,000 leo kwa sababu kuna msiba. Ukimpa bila kadi, mwisho wa mwezi simu haipatikani. Ukishika kadi, anakwenda benki kusema kadi imepotea, anapewa nyingine, na wewe unabaki na kipande cha plastiki. Nimewahi kukutana na mtumishi mwenye kadi tatu za akaunti moja kwa wakopeshaji watatu, na hai ni moja tu, ya yule wa mwisho. Riba mnayoilaani inalipia na wale waliokimbia. Sisemi ni haki kwa anayelipa vizuri, nasema ndivyo biashara ilivyo. Na mniruhusu niseme jambo moja ambalo halitawapendeza: nusu ya wanaokuja kwangu hawakopi ili wale. Wanakopa ili walipe mkopo mwingine.

#12 Hesabu Haidanganyi
Mkuu (#11), mbona hujagusa ukomo wa riba? Una leseni, unaijua asilimia 3.5. Wewe binafsi unatoza ngapi?

#13 Binti wa Maskati
Salaam kwenu. Mimi niko Oman, nafanya kazi za nyumbani, na naongeza upande mwingine ambao hamjautaja. Nyumbani Tanga wananiona kama benki. Mshahara wangu unaingia mwisho wa mwezi, na ujumbe huanza kuingia wiki moja kabla: paa la shangazi, mahari ya kaka, kitanda cha bibi hospitali, mtoto wa jirani anayetaka kuanza biashara. Mimi sidaiwi na mkopeshaji yeyote, lakini nikiona simu inawaka usiku naigeuza kifudifudi. Siku nikisema sina, jibu ni kwamba nimejisahau, nimekuwa Mwarabu. Nafikiri mwenye kazi anabebeshwa ukoo mzima kwa sababu ukoo hauna mahali pengine pa kwenda, na mwalimu wa kijijini yuko katika nafasi ileile niliyo nayo mimi, tofauti ni kwamba yeye hana bahari ya kumficha.

#14 Mzee wa Kigogo
Binti, sisi tuliubeba ukoo vilevile, na hakuna aliyeitwa benki. Zamani ukisaidia, ulipeleka gunia la mahindi, na gunia lilionekana linavyopungua. Sasa fedha inatumwa kwa simu usiku wa manane, na anayeomba haoni ghala lako lina nini. Nadhani simu ndiyo iliyoharibu.

#15 Kijana wa Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Mzee (#14), hoja yako ya simu naiunga mkono kwa sababu tofauti. Kwetu sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasizidi theluthi mbili, kwa hiyo theluthi yenu na yetu zinafanana. Lakini tangu makato ya bima mpya ya afya ya asilimia 2.75 yaanze Oktoba 2024, juu ya ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, waajiriwa wengi wamejikuta karibu na ukingo huo bila kukopa senti moja ya ziada.

Na hapo ndipo simu inapoingia. Tulianza na mikopo ya simu ya M-Shwari mwaka 2012, kisha Fuliza ikaja Januari 2019. Fuliza haikuulizi unakopea nini. Unanunua mkate, salio halitoshi, inakamilisha yenyewe. Fedha ikiingia, hata ile uliyotumiwa na mama yako ya nauli, inakatwa kwanza. Sijawahi kukaa mbele ya mkopeshaji, sijawahi kuona haya mbele ya mtu yeyote, na bado nadaiwa kila siku ya mwaka. Kwa hiyo mwalimu (#1), nieleze: aibu iko wapi kwa mtu anayekopeshwa na mashine?

#16 Mwalimu wa Nyanda
Hilo ni swali zuri na linanitatiza. Labda mashine imependwa kwa sababu hiyohiyo, kwamba haikuangalii usoni. Huku kwetu nako huduma za namna hiyo za kukamilisha malipo zipo kwenye mitandao ya simu, na walimu vijana wanazitumia kuliko wanavyokwenda dukani kwa yule bwana.

#17 Muuguzi wa Zamu
Habarini. Nafanya kazi kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, na nitazungumza kwa tahadhari kwa sababu si kila presha inatokana na deni. Hata hivyo, ninapomuuliza mgonjwa kwa nini ameacha dawa au kwa nini halali, mara nyingi jibu la kwanza ni uchovu, na jibu la pili, akishaona mlango umefungwa, ni rejesho. Mama Genge (#8) ameeleza tumbo kukata anapomwona yule dada. Hilo nalisikia mara nyingi: tumbo, moyo kwenda mbio, kuamka saa nane usiku na kuhesabu mpaka alfajiri. Wanaume huja na maumivu ya mgongo na kichwa, na ni wachache mno wanaotamka neno deni wenyewe.

Jambo la pili ni programu za mikopo za kwenye simu zisizo na leseni. Unapozisakinisha unaziruhusu zisome majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, ujumbe unakwenda kwa bosi wako, kwa mchungaji, kwa mwalimu wa mtoto, kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kwa hiyo ndugu yangu wa Nakuru (#15), mashine nayo imejifunza kutumia aibu, tena kwa watu wengi kwa mpigo mmoja kuliko dada mmoja kwenye kigoda.

#18 Kijana wa Nakuru
Nimekubali, dada. Kwetu hali hiyo ndiyo iliyosababisha wakopeshaji wa kidijitali wawekwe chini ya Benki Kuu kwa kanuni za mwaka 2022. Niongeze kwamba serikali ilileta Hustler Fund Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kuliko chochote sokoni, na watu waliichukua huku wakiendelea na mikopo mingine. Riba nafuu haikuondoa mikopo ghali, iliongeza mlango mmoja zaidi. Ndiyo maana siamini kwamba suala ni riba peke yake.

#19 Mwana Ushirika
Mnazunguka sana. Jibu ni SACCOS. Sisi kazini kwetu tunaweka akiba kila mwezi, tunakopeshana kwa riba ndogo, na faida inarudi kwetu wenyewe. Anayekwenda kwa kausha damu wakati ofisini kuna SACCOS amejitakia.

#20 Mwalimu wa Nyanda
Mkuu, SACCOS yetu ipo. Ukiomba mkopo wa dharura Jumatatu, kamati inakaa wiki inayofuata, na katika kamati yumo mwalimu mkuu, mhasibu na mke wa mratibu wa elimu kata. Kufika jioni kata nzima inajua kwamba unaumwa njaa. Yule bwana wa stendi anakupa fedha ndani ya dakika tano na hasemi neno. Ndiyo maana nasema watu wananunua ukimya, na ile asilimia 30 ni bei ya ukimya.

#21 Mwana Ushirika
Hapo tatizo ni kamati, si mfumo. Badilisheni kamati.

#22 Mama Genge
Na mimi nisiye na ofisi? Niliambiwa kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba.

#23 Muuguzi wa Zamu
Ipo, mama. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Haitakusaidia mtoto akilazwa usiku wa leo.

#24 Karamu Nyekundu
Naona wote mmeogopa kusema neno michango. Mimi nitasema. Mwezi mmoja uliopita nilikuwa kwenye makundi manne ya harusi kwa wakati mmoja, na kila kundi lina mweka hazina anayebandika orodha kila asubuhi: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Ukiwa na sufuri mbele ya jina lako, watu mia mbili wanaisoma kabla ya chai. Niliahidi 100,000 kwa kila harusi kwa sababu cheo changu hakiruhusu kuahidi 30,000. Hakuna aliyeniwekea kisu shingoni, lakini nilikopa. Waliosema kukopa harusi kulipa matanga walinijua kabla sijazaliwa. Na mjue kwamba bado kuna mchango wa kumuaga bibi harusi, na kikao cha kuvunja kamati nacho kina mchango wake.

#25 Hesabu Haidanganyi
Kwa hiyo wewe mwenye ahadi ya 400,000 ndiye uliyekuwa unanisahihisha asilimia 6?

#26 Karamu Nyekundu
Ndiyo, na nilisahihishwa, tumeendelea. Swali langu ni kwamba ningefanyaje? Nitakapooa mimi, orodha hiyohiyo itabandikwa kwa ajili yangu. Wazazi wetu walichangiana hivyohivyo, na aliyechangia alichangiwa. Ukijitoa peke yako, unapoteza ulichokwisha kuweka.

#27 Mzee wa Kigogo
Wazazi wenu walichangiana mbuzi, kuku na nguvu ya kujenga banda la sherehe. Hawakuchangia ukumbi wenye mapazia na gari la kukodi. Msitubebeshe sisi.

#28 Mwalimu wa Nyanda
Kama kweli ni akiba ya kurudishiana, Karamu Nyekundu, mbona anayehama mkoa hachangiwi tena? Mimi nilihama baada ya kuchangia kwa miaka mingi nilikotoka, na nilipooa sikuiona hata robo yake. Nadhani tunaiita akiba ili tusiione kuwa ni kodi ya kuonekana.

#29 Mkopeshaji Mwenye Leseni
Kwa wateja wangu, harusi si sababu kubwa. Kinachokua haraka kwa vijana wa kiume ni kubeti. Hawasemi. Wanaandika kwenye fomu kwamba ni kwa ajili ya kilimo, na Jumatatu baada ya mechi za wikiendi ndiyo siku yangu ya foleni. Mwalimu wa kiume chini ya miaka 35 akija Jumatatu na kusema mbolea, nauliza mara mbili.

#30 Hesabu Haidanganyi
Nauliza mara mbili na mimi: unatoza riba ya ngapi?

#31 Binti wa Maskati
Mama Genge (#8), nimerudi kusoma maelezo yako. Naomba nikuulize bila kukuhukumu: kwa nini usimwambie mumeo sasa, maadamu mkopo huo umeshaulipa? Mimi nilimficha mama yangu kwamba mwajiri alinichelewesha mshahara, nikawa nakopa kwa wenzangu huku ili kutuma nyumbani kana kwamba hakuna kitu. Siku nilipomwambia, alisema paa la shangazi lingengoja. Nilikuwa nimejitesa kwa paa ambalo lingeweza kungoja.

#32 Mama Genge
Dada yangu, mama ni mama. Mume wangu ni dereva wa bodaboda ya mkataba, kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na siku isipotimia anaijazia kutoka kwenye fedha ya chakula. Tumedaiwa wote wawili, kila mmoja kwa siri yake, naye nadhani anadhani sijui. Nikimwambia mimi, itabidi aniambie na yeye, na nyumba itakuwa na madeni mawili mezani badala ya moja moyoni kwa kila mtu. Kwa sasa tunakula pamoja vizuri. Sijui kama huo ni uongo au ni adabu.

#33 Muuguzi wa Zamu
Mama, sitakushauri juu ya ndoa yako hapa mbele ya watu. Lakini naona umetoa sababu ambayo haimo katika zile tulizozitaja. Mwalimu anasema mtu anaficha kwa sababu ya aibu. Wewe unaficha ili kumwepushia mwenzako aibu yake.

#34 Mwalimu wa Nyanda
Hilo bado ni aibu, muuguzi, isipokuwa limevaa kanzu nyingine.

#35 Mama Genge
Mwalimu, wewe ukishika chaki kila kitu ni aibu. Mtoto wangu angekuwa na bima ya afya, nisingemjua yule dada wa kigoda. Andika na hilo ubaoni.

#36 Hesabu Haidanganyi
Naunga mkono #35 kwa herufi kubwa. Mtumishi wa mfano wangu anakatwa 24,000 za NHIF na mtoto wake analazwa bila mtaji wa mtu kufa. Mama Genge analipa kausha damu 120,000 kwa tukio lilelile.

#37 Mwana Ushirika
Kwa wanaotaka kuhakikisha kama mkopeshaji ana leseni: Benki Kuu huweka orodha ya watoa huduma ndogo za fedha waliosajiliwa kwenye tovuti yake, na leseni inatakiwa ibandikwe mahali inapoonekana ofisini. Asiyekuwa na ofisi isipokuwa droo, mna jibu lenu. Na anayeshikilia kadi yako, unaweza kwenda tawi la benki yako na kitambulisho ukaifunga na kuomba nyingine.

#38 Mkopeshaji Mwenye Leseni
Asante kwa kuwafundisha wateja wetu kutukimbia.

#39 Karamu Nyekundu
Mkuu (#38), umeulizwa riba mara mbili na Hesabu Haidanganyi. Hii ni mara ya tatu.

#40 Mwalimu wa Nyanda
Nimerudi kutoka mjini. Nilimsomea mwenzangu wa ofisini ushauri wa #37, yule ambaye jina lake nililiona kwenye plasta. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema anajua muda wote kwamba anaweza kuifunga kadi. Akaniuliza, akishaifunga, Januari atakopa kwa nani. Nilimtajia SACCOS, akacheka. Mwenye jibu la Januari alilete.